Kompyuta za kwantamu na gari letu la mtumba

Novemba 2019, Volkswagen ilitumia kompyuta ya kwantamu ya D-Wave kuelekeza mabasi 9 jijini Lisbon yakwepe msongamano. Lilikuwa jaribio la siku chache.

Tamaa kubwa ya watengenezaji magari ni betri. Mercedes-Benz na IBM, kisha Hyundai na IonQ mwaka 2022, wameshirikiana kuiga mwenendo wa molekuli za lithiamu, hesabu inayozilemea kompyuta za kawaida. Ila mashine hizi bado hukosea mno.

Sisi yatuhusu nini? Magari mengi hushuka bandari ya Mombasa yakiwa yametumika, mradi hayajapita miaka 8. Betri huchakaa. Sheria iangalie pia uzima wa betri, si umri wa gari pekee. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.