Alichokiona na Alichoazima

Toleo hili linahusu vitabu vya watoto ambavyo mhusika wake mkuu ni mnyama, na tumeamua kulifungua na farasi mmoja wa rangi ya panya aliyezaliwa nyikani, magharibi mwa Marekani. Anaitwa Smoky. Aliyemsimulia na kumchora ni Will James, na kitabu chake, Smoky the Cowhorse, kilitoka mwaka 1926. Mwaka uliofuata kikapata Medali ya Newbery, tuzo ambayo wakutubi wa Marekani wamekuwa wakiitoa tangu 1922 kwa vitabu vya watoto. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kitabu hiki kina nguvu pale mwandishi anaposimulia kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na kinaharibika pale anapookota maneno yaliyokuwa yakizagaa midomoni mwa watu. Mpaka kati ya pande hizo mbili unaonekana, na mtoto anaweza kufundishwa kuuona.

Tuanze na kazi. Farasi wa ranchi hakuwa pambo. Kauboi aliyemtupia ndama kitanzi alihitaji farasi anayejua, bila kuamriwa, wakati wa kusimama imara na kurudi nyuma hatua moja ili kamba isilegee, huku mwenzake akiwa chini, mikono miwili imeshughulika na mnyama anayepiga mateke. Farasi wa namna hiyo hapatikani kwa siku moja. Ndiyo maana James anaipa kazi ya kumfunza Smoky nafasi kubwa kitabuni: kwanza zizi, kisha kamba, kisha mkono wa mtu unaopita shingoni mpaka ngozi iache kutetemeka, kisha tandiko, na mwisho uzito wa mpandaji. Clint, kauboi wa ranchi ya Rocking R, anamsoma mnyama kabla ya kumdai chochote. Mtoto anayesoma kurasa hizo hafundishwi kwa maneno kwamba subira ni njema. Anaona subira ikifanya kazi, na anaona nini kingetokea kama ingekosekana.

Anna Sewell wa Uingereza, katika Black Beauty ya mwaka 1877, alimpa farasi ulimi wa binadamu ili aeleze mateso yake mwenyewe. Njia hiyo iliwagusa wasomaji wengi, lakini ilimfanya farasi awe mtu mwenye miguu minne. James hakumpa Smoky ulimi. Anakaa karibu na masikio na pua zake: harufu inayokuja na upepo, kivuli kinachosogea, hofu ya kitu kisichojulikana. Anayesimulia ni kauboi anayekisia farasi anahisi nini kwa kuangalia masikio yamelala upande gani. Naiona njia hii kuwa ya heshima zaidi kwa mnyama na kwa mtoto pia, kwa sababu inakiri kwamba kumjua kiumbe asiyesema ni kazi ya macho.

Macho hayo ndiyo yaliyoshika kalamu ya kuchorea. James alisoma sanaa darasani kwa muda mfupi tu, lakini farasi wake anayemrusha mpandaji ana mgongo uliopinda kama upinde, kichwa kimezama kati ya miguu ya mbele, na mpandaji amekaa mahali ambapo mwili wake hauna budi kukaa asianguke. Pale neno na mchoro vinapotoka kwa mtu mmoja, kila kimoja kinakuwa shahidi wa mwenziwe. Glen Rounds, aliyezaliwa 1906 huko South Dakota na kulelewa kwenye ranchi, alifanya vivyo hivyo katika The Blind Colt ya mwaka 1941, hadithi ya mtoto wa farasi kipofu. C. W. Anderson naye aliwachora farasi kwa uzuri wa kupendeza, lakini katika Billy and Blaze ya mwaka 1936 farasi ni zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi ya upendo, na watoto wanauhitaji upendo. Kazi, hata hivyo, ni nadra zaidi katika maktaba zao.

Pingamizi la kwanza ni zito: mtu huyu alikuwa mwongo. Katika Lone Cowboy, kitabu cha mwaka 1930 alichokitoa kama historia ya maisha yake, alidai kwamba alizaliwa Montana, akabaki yatima, akalelewa na mtega wanyama Mfaransa wa Kanada. Kweli ni kwamba aliitwa Ernest Dufault, alizaliwa Quebec mwaka 1892 katika nyumba iliyozungumza Kifaransa, na aliondoka kwao akiwa kijana kwenda magharibi. Mwaka 1915 alifungwa katika gereza la jimbo la Nevada kwa wizi wa ng'ombe. Alikufa Hollywood mwaka 1942, pombe ikiwa imemmaliza, na siri ya asili yake ikaja kuanikwa na wasifu ulioandikwa na Anthony Amaral mwaka 1967. Sioni sababu ya kupunguza uzito wa uongo huo. Lakini tuangalie ulikaa wapi. Alidanganya juu ya mama yake, jina lake na mahali alipozaliwa, mambo ambayo msomaji hakuwa na njia ya kuyapima. Juu ya farasi hakuweza kudanganya, kwa sababu magharibi kote kulikuwa na watu ambao wangeugundua uongo kwa kutazama mchoro mmoja. Hata Kiingereza chake kisichofuata sarufi, kinacholalamikiwa na walimu, alikiokota kwa sikio kutoka kwa watu wa kazi hiyo.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, nami silikwepi. Mwizi anayemwiba Smoky na kumpiga mpaka moyo wake ugeuke kuwa chuki ni chotara, na kitabu kinaifanya damu yake kuwa maelezo ya ukatili wake. Farasi naye anaanza kuwachukia watu wa rangi ile, kana kwamba hata silika ya mnyama imethibitisha. Wako wanaosema tusimhukumu mtu wa 1926 kwa mizani ya leo. Basi tumpime kwa mizani yake mwenyewe, yaani kwa yale aliyoyaona. Maneno ya kazi yake, ranchi, rodeo, lasso, yote yana asili ya Kihispania, kwa sababu kazi ya kuchunga ng'ombe kwa farasi na kamba iliingia Marekani kutoka kwa wapanda farasi wa Meksiko, wengi wao wakiwa watu wa damu mchanganyiko. Katika Nevada alikofanya kazi, kauboi huitwa buckaroo, neno lililotokana na vaquero. Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema kwamba karibu kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi. Kwa hiyo yule chotara mwovu hakutoka zizini. Alitoka kwenye hadithi za bei rahisi za wakati ule, na mwandishi aliyekuwa akificha asili yake mwenyewe alimpokea bila kumhoji. Mtoto akipewa kitabu hiki, aambiwe hivyo waziwazi na mtu mzima anayesoma naye. Kuuondoa ukurasa huo kimyakimya kungemnyima nafasi ya kuona jicho zuri likifumba.

Labda msomaji wetu atauliza haya yote yanatuhusu nini, sisi ambao sehemu kubwa ya bara letu mbung'o hawakumruhusu farasi kustawi. Lakini tunasema kila siku kwamba fulani ameshika hatamu za uongozi, na Tanzania ilikuwa na kaulimbiu nzima ya chama kushika hatamu, ingawa wengi walioitamka hawakuwahi kuigusa hatamu yenyewe. Neno la kazi huishi kuliko kazi. James naye aliandika wakati kazi yake ikifa: seng'enge, iliyopata hataza ya Joseph Glidden mwaka 1874, ilikwisha kuikata nyika vipande, na baridi kali ya 1886 hadi 1887 iliangamiza makundi ya ng'ombe miaka kadhaa kabla yeye hajazaliwa.

Ndiyo maana namalizia na sura za mwisho. Smoky amekwisha kubadilishwa majina, ametumika katika rodeo kama farasi asiyepandika, kisha kama farasi wa kukodishwa, kisha amevuta gari la mboga mpaka mbavu zikahesabika. Clint anamtambua na kumchukua nyumbani. Hapa mwandishi mwingine angeandika kilio na kukumbatiana. James anaandika nyasi kavu na zizi lenye joto, siku baada ya siku, na farasi anayemtazama rafiki yake wa zamani bila kumjua. Majira ya kuchipua yanapofika, Clint anamfungulia arudi kwenye malisho alikozaliwa, bila kamba shingoni, naye anabaki kungoja.