Mchango wa Askari: Leteni Daftari

Vijana wenzetu, wamama na wababa wa hapa Mudende, leo tunaandika juu ya kitu ambacho watu wanakiongea kwenye foleni ya maji wakipunguza sauti. Ile michango ya askari.

Inakuja hivi. Jioni picha inaingia kwenye WhatsApp: kijana mwenye bandeji kichwani, au mjane na watoto mbele ya hema. Chini kuna namba ya simu. Tuma ulicho nacho, ni damu yetu. Jina la hospitali hakuna. Mama mmoja anayeuza unga wa mihogo kwa kikombe alituma elfu mbili, kesho yake akakopa chumvi kwa jirani. Na sisi tusijifanye wasafi: tulipita mlango kwa mlango na bahasha, tukasema ni ya wajane. Miezi mitatu baadaye tukamuuliza mkubwa aliyeichukua, imefika ngapi? Akajibu, mnataka kuuza siri kwa adui?

Siri gani? Hatukuuliza askari wamelala wapi. Tuliuliza dawa zilinunuliwa bei gani.

Jeshi hatutaji. Kila upande wa vita ya Kivu una wachangishaji wake, na wote wana jibu lile lile.

Wengi wetu tuliotoka Masisi na Rutshuru tumeshatembea na jetoni mfukoni, ile karatasi ambayo vikundi vya silaha viliuzia raia kila mwezi ili upite kwenda shambani kwako mwenyewe. Ulikuwa unyang'anyi. Lakini, tucheke kidogo, jetoni angalau ilikuwa karatasi! Huu mchango wa hiari hauna hata hiyo.

Wanaosema daftari linadhoofisha askari waangalie jeshi la Kongo lenyewe. Miaka mingi mshahara ulipitia mikononi mwa makamanda, na orodha zilijaa majina ya watu wasiokuwepo. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa EUSEC, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri, na kuhesabu askari mmoja mmoja. Hewa nyingi ikatoka kwenye orodha. Baadaye, kuanzia 2011, mishahara ikaanza kupitia benki. Haikumaliza wizi wote, tunajua. Ila tuulizane: wakati ule wa siri nani alikuwa na njaa? Ni askari mdogo, yule aliyekuja kuchuma mahindi yetu bila kubisha hodi. Siri ilimlinda mkubwa wake.

Mwingine atasema, hata Wazungu wanachangia askari wao. Ndiyo, na hata huko wanakula. Marekani kuna shirika la Wounded Warrior Project, la askari waliojeruhiwa, lililokuwa likipokea zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka. Mwaka 2016 waandishi wa habari waliandika juu ya safari na mikutano ya kifahari, na mwezi wa tatu bodi ikawaondoa viongozi wawili wa juu. Shirika lilibisha baadhi ya hesabu zilizoandikwa, sawa. Lakini lilibisha kwa namba, juu hesabu za mashirika kule zinawekwa wazi na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Hakuna aliyewaambia waandishi kwamba ni wapelelezi.

Kwetu kuna jambo zito zaidi. Wazee wanajua ardhi hii. Mwaka 1997 kambi ya wakimbizi wa Kongo hapa Mudende ilishambuliwa mara mbili, mwezi wa nane na tena mwezi wa kumi na mbili, watu wakauawa kwa mamia. Waliobaki wakapelekwa Gihembe. Waliouawa walikuwa raia. Mkataba wa wakimbizi wa Afrika wa 1969 unatulinda kama wakimbizi, na unatukataza kufanya vita tukiwa ukimbizini. Sasa kama bahasha haina daftari, nani ataapa kwamba ilinunua bandeji na siyo risasi? Wewe uliyetoa elfu mbili utaapa?

Tumeambiwa tutawaaibisha wajane. Hapo wana haki kidogo, jina la mjane lisitupwe kwenye simu. Basi asaini mbele ya watu wawili, mmoja amchague yeye mwenyewe. Kiasi kilichoingia kibandikwe mlangoni, risiti ya duka la dawa ibandikwe pembeni.

Jumapili baada ya misa mchangishaji anakuja tena. Tutakuwa pale na kalamu na daftari la mistari, tumeshalinunua. Akiandika ukurasa wa kwanza, tutapita naye milango yote. Akikataa, bahasha yetu itaenda kwa mjane wa askari anayeishi mstari wa nyuma, ambaye mpaka leo hajaona hata franka moja ya ile tuliyokusanya kwa jina lake.