Ndugu Asaidie Kulea, Asipokonye Mtoto

Ipo tabia inayozidi kuota mizizi katika jamii yetu, nayo haina budi kukemewa. Wazazi wametengana, na mahakama imekwisha kuamua mtoto alelewe na nani. Miaka inapita, mtoto anabalehe. Siku moja anakaripiwa kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Kesho yake amefunga mzigo, yuko kwa mjomba au kwa shangazi. Nao, badala ya kumrudisha, husema: "Huyu ni mkubwa, amechagua mwenyewe."

Kauli hiyo haina msingi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema wazi kwamba mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaipa mahakama uwezo wa kumkabidhi mtoto kwa baba au kwa mama. Ndugu hupewa pale tu penye sababu za pekee zinazofanya isifae mtoto kukaa na mzazi yeyote kati ya hao wawili. Mzazi aliyekabidhiwa mtoto amepewa wajibu wa kumlisha, kumsomesha na kumrudi. Tutamdaije wajibu huo, ikiwa kila ndugu aweza kumnyang'anya haki yake kwa sahani ya wali?

Wako watakaosema kwamba twamnyima mtoto sauti. La hasha! Sheria hiyo hiyo ya 1971 yaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe. Lakini kusikiliza si kutii: kinachotangulia ni ustawi wake. Tena maoni hayo yawe yake kweli, si yaliyopandikizwa na shangazi mwenye ugomvi wa zamani na mama yake.

Yupo pia mtoto anayekimbia kipigo, njaa, au maovu makubwa zaidi. Huyo asirudishwe kwa nguvu. Afikishwe kwa afisa ustawi wa jamii, jambo lichunguzwe, na mahakama ibadili amri yake ikibidi. Njia hiyo i wazi. Tunachokipinga ni hukumu za barazani.

Na tuseme ukweli: si kila mlango hufunguliwa kwa huruma. Mara ngapi binti aliyepokelewa kwa vifijo amegeuzwa yaya na mpishi wa nyumba, madaftari yake yakiota vumbi?

Hapa ndipo walimu na watumishi wa umma wanapohusika. Mwalimu mkuu anayeletewa mwanafunzi na mjomba aulize kwanza: mzazi aliyekabidhiwa mtoto huyu yuko wapi, naye amesemaje? Mtendaji wa kata asigonge muhuri kabla ya kupata jibu. Muhuri wa Serikali haukuchongwa ili kuhalalisha utoro wa nyumbani.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli tupu. Lakini mikono inayomvuta mwana huku na huku haimlei, yamrarua.