Majina Nyuma ya Picha

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wenzangu neno juu ya picha za kale za stesheni ya Tabora.

Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka 1928 njia ya Mwanza ikakamilika, mji ukawa njia panda. Hayo yamo vitabuni. Lakini picha niliyo nayo, ya miaka ya 1950, yaonyesha jengo la Wadachi, mabehewa yamepangana uwanjani, na mbele ya injini watu kumi na mmoja, mmoja ameshika kopo la mafuta. Nyuma imeandikwa: "Injini, Tabora." Basi! Chuma kimetajwa, watu hawakutajwa.

Nilimpelekea mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli. Akamwekea kidole yule mwenye kopo, akasema, "Huyu ni baba yangu mdogo." Akawataja wanne wengine, kisha akanyamaza. Sita wamempotea.

Wako wasemao picha hizi zipelekwe Nyaraka za Taifa. Sipingi, lakini picha isiyo na majina itatunzwa ikiwa bubu. Sisi makarani, ambao kazi yetu ni kuandika majina ya watu, twaona haya gani? Andikeni jina, kazi, na nani aliyewaambia. Kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya.

Mzee ana rafiki yake Urambo, naye alikuwa fundi. Jumamosi nitakwenda.

Wasalaam,
Karani, Tabora