Makala ya Utafiti ni Deni la Mwalimu kwa Darasa Lake

Mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, ni mji wa shule na vyuo. Kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 baada ya kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kipo Chuo cha Ualimu, na nje kidogo ya mji, kwa barabara ya Iringa, kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe. Shule za msingi na za sekondari ni nyingi. Mji wenye madarasa mengi namna hii ungetazamiwa uwe na maandishi mengi juu ya madarasa hayo. Lakini mengi ambayo walimu wake wanayajua hubaki katika madaftari ya mahudhurio, katika maandalio ya masomo na katika mazungumzo ya chumba cha walimu. Mwalimu anapostaafu, maarifa hayo huondoka pamoja naye.

Hiyo ni hasara kwa taifa. Bwana shamba akiona mdudu mgeni katika mahindi huandika taarifa. Mganga akiona ugonjwa usio wa kawaida hutoa habari. Mwalimu naye, akiona kwamba kila mwaka watoto wanakwama mahali pale pale katika somo lile lile, anao wajibu huo huo. Chombo cha kuutimiza ni makala ya utafiti katika jarida la elimu.

Walimu wengi hukiogopa chombo hicho, wakidhani kuwa ni mali ya maprofesa. Wengine hukitumia kwa nia moja tu, yaani kupanda cheo, na hivyo hutafuta njia ya mkato. Makundi yote mawili yangefaa kujifunza kutokana na kisa cha Mtanzania mmoja.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi, Mpemba aliyaweka ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa baridi. Alipouliza sababu aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipoendelea na masomo huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena akafanyiwa mzaha. Lakini swali hakuliacha. Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimwuliza mbele ya wenzake waliokuwa wakicheka. Mgeni hakumdharau, aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ilitokea katika Physics Education, jarida la ufundishaji wa fizikia linalochapishwa Uingereza.

Somo la kwanza la kisa hiki ni kwamba makala huzaliwa na swali, tena swali dogo lililo wazi. Mwalimu wa Morogoro anayetaka kuandika juu ya "matatizo ya elimu nchini" hataimaliza kazi yake, na akiimaliza atakuwa ameandika hotuba. Lakini akiuliza kama watoto wa darasa la tatu wanaoteremka kutoka mitaa ya milimani hukosa shule wakati wa masika kuliko wenzao wa bondeni, swali hilo linapimika. Daftari la mahudhurio analo. Miezi ya mvua anaijua. Njia wanayopita watoto anaweza kuikagua kwa miguu yake mwenyewe.

Somo la pili ni mbinu. Sehemu ya makala inayoeleza mbinu ndiyo moyo wake, ingawa waandishi wengi huipitia kwa haraka. Hapo msomaji huambiwa ni shule ngapi zilizochunguzwa, watoto wangapi, kwa muda gani, waliteuliwa vipi, na mambo yalipimwa namna gani. Kipimo cha sehemu hiyo ni kimoja: je, mwalimu wa Mbeya au wa Kigoma, akiisoma, anaweza kuirudia kazi ile ile shuleni kwake? Kama hawezi, basi mbinu haijaelezwa.

Somo la tatu ni uaminifu katika matokeo. Katika makala ile Osborne anasimulia kwamba fundi wa maabara alileta habari kuwa maji ya moto yametangulia kuganda, kisha akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka jibu sahihi lipatikane. Jambo hilo linachekesha, lakini lina onyo kubwa. Mtafiti anayejua jibu kabla ya kuanza hafanyi utafiti, anatafuta mashahidi. Mwalimu akikuta kwamba watoto wa milimani wanahudhuria vizuri kuliko wa bondeni, hana budi kuandika hivyo, hata kama alitazamia kinyume chake na hata kama wakubwa wake walitazamia hivyo. Matokeo yanatangulia, maelezo yanafuata. Kuyachanganya ni kumnyima msomaji haki ya kuamua mwenyewe.

Somo la nne ni unyenyekevu wa kusoma kazi za waliotangulia. Jambo aliloliona Mpemba liliwahi kutajwa na Aristotle, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwandishi anayepitia maandishi ya wengine hajidhalilishi. Anaonyesha mahali ambapo wengine waliishia ili kazi yake ianzie hapo, na huwataja wote aliochota kwao. Kuchukua maneno ya mtu mwingine bila kumtaja ni wizi kama wizi mwingine.

Somo la tano ni kukubali kupingwa. Mwaka 2016 wanasayansi wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha makala wakisema kwamba majaribio yao hayakuthibitisha jambo hilo, na mabishano yangali yanaendelea. Hiyo si aibu kwa Mpemba. Kazi yake iliandikwa kwa namna ambayo watu waliweza kuipima. Makala isiyoweza kupingwa haina faida kwa elimu.

Zaidi ya hayo, utafiti wa elimu una jambo ambalo utafiti wa maji hauna. Maji hayana wazazi. Mwalimu anayewachunguza watoto lazima apate vibali vinavyotakiwa, apate ridhaa ya wazazi, na ayafiche majina ya watoto hao. Mtoto aliyeandikwa kuwa mtoro au mzito wa kusoma anaweza kubeba jina hilo kwa miaka mingi.

Mswada ukiwa tayari, na ikisiri yake imeandikwa kwa maneno machache yanayotaja swali, mbinu na jibu, ndipo jarida huchaguliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Shule Kuu ya Elimu kina jarida lake, Papers in Education and Development, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inalo la kwake. Mwandishi asome kwanza toleo moja au mawili ili ajue wasomaji wake ni akina nani, afuate maagizo ya mhariri juu ya urefu na marejeo, na apeleke mswada mahali pamoja tu kwa wakati mmoja. Wahakiki wakiurudisha na maswali, asikasirike. Ayajibu moja baada ya jingine, na pale asipokubaliana nao aeleze sababu kwa adabu.

Hapa ndipo penye hatari kwa mwenye pupa ya cheo. Siku hizi yapo majarida ya ulaghai yanayoahidi kuchapisha makala ndani ya siku chache, bila mhakiki hata mmoja, mradi fedha zilipwe. Mwalimu anayeuingia mtego huo hupoteza mshahara wake, na kazi yake, hata kama ni nzuri, huingia katika kundi la taka. Lakini lawama haimwangukii yeye peke yake. Wanaohesabu idadi ya makala bila kuzisoma wanapoamua vyeo ndio wanaolipa soko hilo uhai. Ofisi inayotaka utafiti wa kweli haina budi kuuliza makala inasema nini kabla ya kuuliza zimeandikwa ngapi.

Linabaki suala la lugha. Majarida mengi ya elimu hutaka Kiingereza, na mwandishi hawezi kulikwepa sharti hilo. Lakini watoto waliohesabiwa katika makala hiyo wanafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, wazazi wao huzungumza Kiswahili, na walimu waliotoa madaftari yao hujadiliana kwa Kiswahili. Makala ikichapishwa ng'ambo isirudi tena Morogoro, darasa limetozwa ushuru bila kupewa huduma. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zikisomwa katika mkutano wa wazazi na kuachwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, zinatosha kulipa deni hilo.

Mpemba alichekwa kwa sababu swali lake halikuwamo katika kitabu. Katika madarasa ya Morogoro, leo hii, yako maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mwalimu aliyeyaona ana kalamu, ana daftari, na ana ushahidi mbele ya macho yake kila asubuhi. Kilichobaki ni kuanza kuandika.