Kukisia si Ufundi

Nilifundisha walimu kwa zaidi ya miaka 30, na miaka ya mwisho nilikuwa mkuu wa chuo. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba shutuma nitakazozielekeza kwa mafundi wa magari zitarudi mlangoni kwangu kabla sijaweka kalamu chini. Hoja yangu ni fupi. Mtu anayebadilisha kifaa kabla hajajua kilichoharibika si fundi bali ni mkisiaji, na mkisiaji hula fedha za watu hata kama moyo wake ni mwema.

Baada ya kustaafu nilinunua gari la mtumba kutoka Japani, lile la juu lenye gia za otomatiki, ambalo tayari lilikuwa limetembea kilomita 118,000. Sikulinunua kwa fahari. Mke wangu alikuwa na tatizo la macho, na hospitali ilikuwa mbali na kwetu Iringa. Mwaka wa pili gari likaanza kutetemeka. Likiwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nami nimekanyaga mafuta kidogo tu, lilitikisika kwa sekunde tatu au nne, kana kwamba magurudumu yanapita juu ya rasta za barabarani. Nikiongeza mafuta au nikiachia, linatulia.

Nililipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Wa pili alibadilisha mauntingi za injini. Wa tatu alisikiliza injini ikiwa imesimama, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari za msiba, akasema, "Mzee, giaboksi imekwisha. Tutafute nyingine ya mtumba." Bei yake ilikuwa shilingi milioni 2 na laki 6. Nikamwuliza, "Umejuaje, mwanangu?" Akajibu, "Ni uzoefu tu, Mzee." Katika watatu hao hakuna aliyeliendesha gari barabarani, wala aliyechomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Na fedha alizozitaka yule wa tatu ndizo tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya matibabu ya mke wangu.

Ndugu msomaji, si lazima uwe fundi ili uelewe jambo lenyewe. Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, ambacho mafundi hukiita toki konveta. Injini huizungusha oili, na oili huizungusha giaboksi. Lakini oili huteleza, na kuteleza huko hupoteza nguvu na petroli. Kwa hiyo ndani yake imewekwa klachi ndogo ambayo, gari likishashika mwendo wa kutulia, huifunga injini na giaboksi vizunguke pamoja. Klachi hiyo hufanya kazi ikiwa imelowa oili, na oili imetiwa dawa za kuifanya ishike taratibu. Oili ikizeeka kwa joto, au ikiwekwa isiyo ya aina yake, klachi hushika na kuachia, hushika na kuachia, mara nyingi katika sekunde moja. Huko ndiko kutetemeka. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni oili, ambayo ni rahisi kuliko vyote.

Fundi wa nne alikuwa kijana mwenye maneno machache. Kabla hajagusa kitu aliuliza: linatetemeka kwa mwendo gani? Injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Kwenye mlima au tambarare? Kisha tukatoka naye hadi mahali penye barabara tupu. Akasema, "Mwalimu, likianza kutetemeka usiachie mafuta. Gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto." Nikagusa. Mtetemeko ukakatika papo hapo. Akaeleza kwamba breki ikiguswa, kompyuta ya gari huiachia ile klachi ya ndani. Kama ubaya ungekuwa kwenye plagi, gari lingeendelea kutikisika. Tuliporudi aliunganisha mashine ya kupimia, na haikuonyesha kwamba injini inakosa moto. Akachomoa kijiti cha oili. Oili iliyopaswa kuwa nyekundu ilikuwa kama kahawa, na ilinuka kuungua. Na kwenye kijiti kile kile ilikuwa imechongwa aina ya oili inayotakiwa. Jibu lilikuwa limeandikwa, ila watatu wale hawakufungua kitabu.

Alifungua sampu. Kwenye sumaku zake mlikuwa na tope laini la kijivu, wala hamkuwa na vipande vya chuma. Tope kidogo ni uchakavu wa kawaida. Vipande vingekuwa habari nyingine. Akaeleza pia kwamba ukimwaga oili ya gia haitoki yote, kwani nyingi hubaki ndani ya toki konveta. Kwetu zilitoka lita tatu na nusu tu. Kwa hiyo alimwaga na kujaza mara tatu, kila mara baada ya siku kadhaa za kuendesha. Mara ya kwanza mtetemeko ulipungua, na mara ya tatu ulikoma. Gharama yote, pamoja na ada yake ya kupima, ilikuwa laki 4 na elfu 30. Tangu hapo gari limepanda Kitonga mara nyingi, na mke wangu ametibiwa.

Wapo watakaosema nimebahatika tu. Basi watazame kwa wakubwa. Mwaka 2019 General Motors ya Marekani, yenye magari yaliyokuwa yakitetemeka namna hii hii kwenye giaboksi zake za gia 8, iliwaelekeza mafundi wa mawakala wake kuiondoa oili ya awali na kuweka ya aina nyingine. Ikiwa kampuni iliyoiunda giaboksi yenyewe ilianza na oili, fundi wa chini ya mwembe anapata wapi haraka ya kuanza na milioni 2?

Wengine husema oili ya gia haibadilishwi kamwe, ni ya maisha. Maisha ya nani? Ya gari likiwa na mwenyewe wa kwanza, au na sisi wa tatu? Wengine huonya kwamba ukiibadilisha oili ya zamani giaboksi hufa. Ni kweli zipo zilizokufa, lakini zile zilizokwisha kuchakaa zilikuwa mahututi kabla ya oili mpya kufika. Wala sidai kwamba oili huponya kila mtetemeko. Klachi ikiwa imelika, hakuna oili ya kuirudisha. Ninachodai ni utaratibu: uliza, endesha, pima, ndipo ufungue mkoba wa mteja.

Sasa nirudi mlangoni kwangu. Yule fundi wa tatu, tulipokuwa tukizungumza, alinitajia mwalimu aliyemfundisha darasa la saba. Nilimfahamu mwalimu huyo. Alisoma chuoni kwangu, na mimi ndiye niliyekaa nyuma ya darasa lake wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikampa alama za juu. Nilimpa kwa sababu gani? Darasa lilikuwa kimya, mikono iliinuka upesi, majibu yalitoka bila kusitasita. Mtoto aliyesema "sijui, ngoja nitazame" alizomewa na wenzake, nami sikuandika neno. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi. Sisi tulilihubiri jambo hilo asubuhi na kuliadhibu mchana. Mtoto aliyefundishwa kuwa kutojua ni aibu, akiwa mtu mzima mwenye spana mkononi, atakisia tu, tena bila kupepesa macho.

Na sisi wateja hatuna mikono safi. Tunakubali kulipia kifaa, lakini kupimiwa tunataka bure. Kwa namna hiyo tumewafundisha mafundi kuuza vifaa. Nilimlipa yule kijana elfu 30 kwa kazi ya kupima peke yake, kabla hajafungua hata skrubu moja. Rafiki zangu wastaafu walinicheka, wakasema nimelipa fedha kwa maneno matupu. Nawajibu hapa mbele ya wasomaji wote: plagi na mauntingi nilizozilipia mwanzoni zilikuwa mpya, zinang'aa, na hazikuwa na kosa lolote la kurekebisha. Zile elfu 30 ndizo zilizookoa milioni 2.