Betri Ni Neno Moja, Gharama Ni Mbili

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi bila kudhani kuwa siku moja ingenisuta mimi mwenyewe, tena si kwa ajili ya nyumba bali kwa ajili ya gari.

Mnamo mwaka 2021 nilichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikanunua gari dogo mseto lililoundwa Japani mwaka 2012. Gari mseto, ambalo mafundi wetu huliita haibridi, ni lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Mimi ni mkazi wa Uthiru, na kila siku ya kazi huteremka kwa barabara ya Waiyaki hadi katikati ya jiji. Katika msongamano wa Kangemi na Westlands gari la namna hii ni neema, kwa maana injini hujizima linaposimama, na kila dereva anapokanyaga breki, sehemu ya nguvu ambayo ingepotea bure hurudishwa kwenye betri. Gari langu la awali lilikuwa likitumia lita 10 kwa kilomita 100. Hili lilitumia 5.

Asubuhi moja mwaka 2024 gari lilikataa kuwaka. Taa za onyo zilijaa kwenye dashibodi kana kwamba kuna arusi. Nikamwita fundi wa gereji moja, naye akalitazama kwa muda usiozidi dakika tano, kisha akatoa hukumu: "Betri imekufa, mwalimu. Tafuta laki moja na elfu sitini."

Niliduwaa. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika barua ya kuomba mkopo mwingine juu ya ule ambao sikuwa nimeumaliza, jirani aliponishauri nimwone kwanza kijana mmoja wa Kawangware. Kijana huyo alikuja na kijimashine cha kupimia, akaniuliza swali ambalo mimi, mtaalamu wa lugha, nilipaswa kuliuliza mapema: "Mwalimu, alikwambia ni betri gani? Humu mna betri mbili."

Sisi wanaisimu twajua kwamba neno moja laweza kubeba maana zaidi ya moja, na kwamba muktadha ndio huamua. Lakini mnunuzi asiyejua kilichomo ndani ya gari lake hana muktadha wowote. Ana neno tu, na bei.

Betri ya kwanza ni ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote lile. Katika gari mseto haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari na kufungua njia ya umeme wa betri kubwa. Inapochoka, gari zima hujifanya maiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa imekufa kwangu. Mpya ilinigharimu shilingi 17,000.

Betri ya pili ndiyo kuu. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ina vifurushi 28 vya nikeli vilivyounganishwa kwa mfululizo, kila kimoja kikiwa na volti 7.2, na jumla yake ni volti 201.6. Kwa kuwa vimeunganishwa hivyo, kimoja kikidhoofu huwalemea wenzake wote. Fundi mwaminifu aweza kukibadilisha hicho kimoja, lakini yafaa amweleze mteja kwamba kifurushi kizima kati ya vilivyochakaa si dawa ya kudumu. Mara nyingi baada ya miezi kadhaa kingine hufuata.

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Yule kijana alipolitazama tundu langu alicheka: lilikuwa limezibwa na bunda la karatasi za mtihani za wanafunzi wangu, na feni yenyewe ilikuwa imevaa vumbi kama sufi. Kuisafisha kulinigharimu shilingi 3,000. Laiti ningeiacha, zile laki na ushei zingekuja kudaiwa kwa haki.

Ziko kasoro nyingine. Pampu ya maji yanayopoza kigeuzi cha umeme huchoka. Niliambiwa shilingi 14,000. Mtambo wa breki unaoendeshwa kwa umeme ni ghali zaidi. Uliotumika niliutajiwa 70,000. Bei hizi ni zile nilizoambiwa mimi, na hubadilika kwa aina ya gari na kwa uso wa mteja.

Sasa na tupige hesabu. Safari zangu za kazini ni kama kilomita 660 kwa mwezi. Naokoa lita 33, ambazo kwa shilingi 180 kwa lita ni shilingi 5,940. Betri kuu ya 160,000 yameza akiba ya miezi 27. Kwa hiyo gari hili si baya, wala si muujiza. Humfaidi anayelijua, humfilisi asiyelijua.

Sheria yetu, kupitia kiwango KS 1515 cha mwaka 2000, huruhusu kuingiza nchini gari lenye umri usiozidi miaka 8. Huko Marekani, kwa muda mrefu Toyota ilitoa dhamana ya miaka 8 kwa sehemu za umeme za magari yake mseto, kabla ya kuiongeza ya betri hadi miaka 10 kuanzia magari ya mwaka 2020. Yaani umri ambao mtengenezaji mwenyewe aliona ndio kikomo cha ahadi yake ndio umri ambao sisi twaweza kuanza nao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa kikamilifu. Basi kwa nini gari mseto liuzwe bila hati inayoonyesha hali ya betri yake kuu, kifurushi kwa kifurushi?

Hati hiyo iandikwe kwa lugha gani? Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo. Hata hivyo, vyuo vyetu vya ufundi hufundisha kwa Kiingereza, mafundi huzungumza Kiswahili gerejini, na baina ya hizo mbili maarifa humwagika njiani. Hili si suala la fedha tu. Nyaya za rangi ya chungwa zilizomo katika magari haya hubeba umeme unaoweza kuua, na kijana anayejifunzia kazi chini ya mwembe hana budi kuambiwa hivyo kwa lugha anayoielewa vyema, kabla hajashika spana.

Walimu wenzangu mnaokusudia kununua gari la aina hii, msitie sahihi ya mkopo kabla betri kuu haijapimwa mbele yenu na fundi msiyeletewa na muuzaji. Nanyi wanafunzi mnaosomea lugha na mnaosomea ufundi, kaeni meza moja mtunge istilahi hizi. Tukisema "betri kuu" na "betri ndogo", tayari tumeokoa mishahara ya watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu huu waweza kuzibwa kwa maneno mawili.